SOMO: CHETI CHA UMEME SAFI

Makampuni makubwa siku hizi husema, "Sisi twatumia umeme safi." Wanachama wengi watauliza, wajuaje? Haya ndiyo maelezo yake.

Umeme ukishaingia katika waya hauna alama. Mtu wa Ngokolo, mjini Shinyanga, awashapo taa yake hupata mchanganyiko wa Gridi ya Taifa: wa maji, wa gesi na mwingineo, mfano wa karafuu za wakulima mia zilizomwagwa katika ghala moja. Nani atazitambua punje zake? Na sisi Pemba, tangu waya wa chini ya bahari ulipofika kutoka Tanga mwaka 2010, twanywa katika mtungi huo huo.

Kwa hiyo pakatengenezwa cheti. Kila megawati-saa moja, yaani yuniti 1,000 za mita, iliyotoka katika jua, maji au upepo, yaweza kuandikiwa cheti kimoja chenye nambari yake. Cheti huuzwa mbali na umeme wenyewe. Mnunuzi akikitumia kwa madai yake, hufutwa daftarini kisiuzwe tena.

Tuseme mtambo wa jua wa TANESCO kule Kishapu, ambao awamu yake ya kwanza ni megawati 50, umeandikiwa vyeti, na mgodi mmoja wa upande wa Geita umevinunua. Mgodi utadai ule usafi, ingawa waya wake haukubadilika hata kidogo, wala moshi wa malori yake haukupungua. Mtu wa Ngokolo, aliye jirani na Kishapu, hana tena haki ya kusema taa yake ni ya jua. Wakidai wote wawili, ni frasila moja kuuzwa mara mbili. Basi mwanachama mwenye paneli juu ya bohari yake, akiletewa mkataba, na atazame kama vyeti navyo vimo katika bei.

Je, ni hila tupu? Hapana, tazama fedha imekwenda wapi. Mwaka 2020 kampuni ya Microsoft ilinunua vyeti vya mtambo wa Nuru wa megawati 1.3 mjini Goma, Kongo, na fedha hiyo ikasaidia kuweka taa za barabarani mtaa wa Ndosho. Lakini cheti cha bwawa la zamani, lililokwisha kulipiwa gharama zake, chaongeza nini?

Tangu 2015 kanuni za kimataifa za hesabu ya hewa chafu zataka kampuni itoe hesabu mbili: moja kwa vyeti, na moja kwa gridi inayotumia hasa. Ya pili ndiyo ya kutafuta, na mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo.