KWA NINI MOTO MDOGO HUZIMIKA UPESI

Mama akiwasha mbabula, hupanga makala pamoja, moja karibu na lingine. Akitoa moja jekundu na kuliweka chini peke yake, kitambo kidogo linakuwa jeusi, na wenzake bado wanawaka. Hewa haikukosekana, wala kala lenyewe halijaisha. Kilichokosekana ni joto.

Kila moto hutaka vitu vitatu: kitu cha kuungua, hewa na joto. Joto hilo moto hulifanya wenyewe, lakini hulipoteza pande zote. Moto mkubwa ni kama chungu cha bukari: nje hupoa, ndani hubaki na joto. Moto mdogo ni kama tonge moja mkononi, hupoa mara. Joto likitoka jingi kuliko linalozaliwa, moto unakufa.

Mwalimu aweza kuonyesha jambo hili kwa mshumaa na uzi mnene wa shaba. Auzungushe uzi mara tano au sita kwenye kalamu, aitoe kalamu, kisha aushike uzi kwa koleo na kuushusha juu ya mwali. Mwali unazimika, ingawa hewa yapita kati ya mizunguko. Shaba imeunyang'anya joto lake. Sasa aupashe ule uzi kwanza katika mshumaa mwingine hata uwe wa moto sana. Akiushusha tena, mwali hauzimiki.

Katika mashimo ya makaa ya mawe ya Uingereza ilikuwamo gesi inayowaka, na wachimbaji walishuka na taa zenye moto wazi. Tarehe 25 Mei 1812, huko Felling, gesi ililipuka, wakafa watu 92. Wengi wao walikuwa vijana na watoto waliofanya kazi chini ya ardhi.

Mwaka 1815 Humphry Davy, mtaalamu wa kemia, aliufunika moto wa taa kwa wavu wa nyuzi za chuma. Kipande cha wavu huo chenye sentimeta mbili na nusu kila upande kilikuwa na matundu 784. Gesi iliingia ikawaka ndani. Lakini mwali ulipogusa wavu ulipoteza joto, usiweze kutoka nje. Davy hakutaka kujitajirisha kwa taa hiyo. Lakini wavu uliopata moto hata ukawa mwekundu haukuzuia tena kitu, kama ile shaba iliyopashwa. Tena wenye mashimo waliitumainia taa mno, wakawatuma watu mahali penye gesi zaidi. Basi vifo havikwisha.

Mwaka 1817 Davy alitangaza jambo la ajabu. Alitia uzi mwembamba wa platini, uliopashwa moto, katika gesi iliyochanganyika na hewa. Mwali haukuonekana, lakini uzi uling'aa, ukaendelea kung'aa. Juu ya platini, gesi na hewa huungana kwa joto dogo lisilotosha kufanya mwali, na platini yenyewe haipungui. Davy alishauri uzi huo utundikwe ndani ya taa, ili mwali ukizimika mchimbaji asiachwe gizani.

Je, joto linalokimbia laweza kurudishwa? Mwaka 1974, huko London, Lloyd na Weinberg walionyesha tanuru lililoviringwa kama mkeka. Moto hukaa katikati. Gesi baridi huingia kwa njia moja, moshi wa moto hutoka kwa njia ya pili iliyo kandokando yake, na kati yao ni ukuta mwembamba wa chuma. Moshi hauondoki na joto lake: huliachia gesi inayoingia. Hivyo hata gesi hafifu, isiyoweza kuwaka mahali wazi, huwaka humo. Baadaye mafundi walitengeneza matanuru ya namna hiyo madogo ya kutosha kiganjani, wakatia platini ndani yake.

Maulizo: Kwa nini uzi wa shaba uliopashwa hauzimi mshumaa? Taa ya Davy iliacha kulinda wakati gani? Mama akitaka moto wa mbabula udumu usiku, hufunika makala kwa majivu: majivu hayo hufanya kazi gani?