DISKI TATU, MASHINE MOJA: TUCHUNGUZE ZIZI KWANZA



Mwezi huu somo letu ni juu ya laptopu. Vikundi kadhaa vya hapa Ishiara sasa vinaandika akiba na mikopo kwa mashine. Ni jambo jema. Lakini kuna kikundi kimoja cha akina mama tulichokitembelea ambacho laptopu yao "iliua" diski tatu kwa mwaka mmoja. Kila mara fundi aliweka nyingine, na kila mara orodha ya mikopo ikapotea. Mara ya tatu maneno yakaanza: "Huyu katibu anafuta madeni ya jamaa zake." Yule binti alitaka kuacha kazi ya ukatibu, na kikundi kilikuwa karibu kuvunjika.

Mbuzi watatu wakifa katika zizi moja, mfugaji hakimbilii sokoni kununua wa nne. Kwanza anachungulia zizi.

DISKI NGUMU NI NINI?

Ni sehemu inayotunza kazi yetu hata stima ikipotea. Ndani yake mna sahani zinazozunguka, kwa laptopu nyingi mara 5,400 kwa dakika. Kichwa kidogo cha kusomea hupita juu ya sahani bila kuzigusa, kwa nafasi nyembamba kuliko unywele. Mashine ikitikiswa wakati huo, kichwa kinaweza kukwaruza sahani, na palipokwaruzwa hapasomeki tena. Ziko pia diski za SSD, zisizo na kitu kinachozunguka. Hizo huvumilia mtikiso, lakini nazo huharibiwa na joto na stima mbaya.

TUFUATE HATUA HIZI

1. Okoa kazi kwanza. Ukisikia diski inagonga-gonga, zima mara moja. Usiwashe tena na tena ukijaribu bahati. Mwambie fundi asifute chochote kabla ya kunakili.

2. Jaribu diski katika mashine nyingine. Fundi huitia katika kasha la USB na kuiunganisha. Ikisomeka vizuri huko, basi huenda diski si mgonjwa. Atazame waya mwembamba unaoshika diski, mahali unapochomekwa, na memori ya mashine. Memori mbovu huweza kuharibu faili hata diski ikiwa nzima.

3. Soma hali ya diski. Diski hujiandikia afya yake, na programu ya bure kama CrystalDiskInfo huionyesha. Tazama kama kuna sehemu zilizoharibika, na diski imefanya kazi saa ngapi. Mwaka mzima una saa 8,760. Ukiuziwa diski "mpya" nayo inaonyesha saa 20,000, hiyo ni mtumba.

4. Angalia betri na stima. Betri ikifa, stima ikipotea mashine huzimika ghafla katikati ya kuandika, na faili huharibika. Stima inayorudi kwa nguvu pia ni hatari, kwa hiyo chomoa chaja mpaka itulie.

5. Punguza joto na vumbi. Huku kwetu chumba cha mabati huwaka kama tanuri. Usiweke laptopu juu ya kitambaa au mto, maana matundu ya hewa huzibwa. Feni isafishwe.

6. Zima kabisa kabla ya safari. Kufunga kifuniko si kuzima. Ngoja taa na sauti zinyamaze ndipo upande boda boda.

KIKUNDI KILE KILIKUTA NINI?

Fundi mwingine alifuata hatua ya pili. Bahati nzuri katibu hakuwa ametupa diski za zamani. Alizifunga kwa karatasi kabatini. Kumbe mbili kati ya tatu zilikuwa nzima! Waya wa ndani ulikuwa umechakaa, na betri ilikuwa imekufa zamani. Mikopo ikaonekana, na madeni ya jamaa za katibu yalikuwa yameandikwa yote. Mwenyekiti alisimama mkutanoni akamwomba msamaha mbele ya wote. Waya na betri vikabadilishwa, na mashine inaendelea na kazi.

NAKALA TATU

Hata hivyo, kila diski itakufa siku moja. Kwa hiyo tuwe na nakala tatu: moja katika laptopu, moja katika flashi au diski ya nje, na moja mbali na ofisi, kwa mfano nyumbani kwa mwekahazina. Kila mwezi fungueni nakala moja muone kama inasomeka. Daftari lenye sahihi za wanachama lisitupwe.

Na diski mbovu isiuzwe ovyo. Ina namba za vitambulisho na madeni ya watu, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inatutaka tuvilinde.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Laptopu yetu ikifa leo jioni, tutajuaje kesho nani anadaiwa nini?
2. Nakala yetu ya mwisho ilifanywa lini, na iko kwa nani?
3. Je, tumewahi kumshuku mwenzetu kabla ya kuchunguza? Tulirekebishaje?

KAZI YA MWEZI: Katibu na mwekahazina wafanye nakala mbili kabla ya mkutano ujao, na wazionyeshe kwa wanachama wote.