Gesi ya Mitungi katika Injini ya Dizeli

Kabla ya kuunganishwa na Gridi ya Taifa mwaka 2022, miji ya Kasulu na Kibondo ilipata umeme kutoka mitambo ya dizeli. Masizi ya injini za namna hiyo ni chembe za kaboni zitokanazo na mafuta yaliyokosa hewa ya kutosha; nazo hudhuru mapafu.

Gesi ya mitungi, yaani propani na butani, ikichanganywa na hewa iingiayo silindani, hushika nafasi ya sehemu ya dizeli na kupunguza masizi. Kwa kuwa joto la mgandamizo haliiwashi gesi kwa urahisi, dizeli kidogo hunyunyizwa ili kuanzisha moto. Gesi ikizidi, injini hugonga; mzigo ukiwa mdogo, sehemu ya gesi hutoka bila kuungua, na monoksidi ya kaboni, yenye sumu, huongezeka.

Zoezi: Tuseme mashine ya kusaga huko Kasanda inazunguka bila mahindi. Je, gesi iongezwe au ipunguzwe? Eleza.