Jicho na Shinikizo la Damu

Mzee aanikaye dagaa katika mwalo wa Kirumba, Mwanza, akianza kuona ukungu, jamaa zake husema ni uzee. Pengine ni kweli, kwani mtoto wa jicho huja na umri. Lakini kuna chanzo kingine kisichouma: shinikizo la damu.

Nyuma ya jicho kuna retina, utando upokeao nuru. Hapo daktari aweza kuitazama mishipa ya damu ya ndani ya mwili bila kupasua, kwa chombo kilichobuniwa na Hermann von Helmholtz mwaka 1851. Damu ikisukumwa kwa nguvu miaka mingi, kuta za ateri ndogo hunenepa na kukakamaa. Pale ateri inapopita juu ya vena, huikandamiza. Damu ya vena hukwama na kuvuja, na jicho hilo huweza kupoteza nuru ghafla. Miwani ya sokoni haisaidii kitu hapa.

Lehemu, mafuta yaliyomo katika damu, hujijenga katika ateri za shingo; kipande kikimeguka huweza kuziba ateri ya jicho. Pete ya kijivu pembezoni mwa konea ni jambo la kawaida kwa mzee. Kwa kijana asiyetimiza miaka 40, ni sababu ya kupimwa lehemu.

Chumvi nayo hupandisha shinikizo. Kayabo, yaani sangara aliyekaushwa kwa chumvi, hupungua ukali akilowekwa na maji yake kumwagwa. Kipimo cha 140/90 au zaidi, kikijirudia siku mbalimbali, ndicho kinachoitwa shinikizo la juu.