Kulijibu Daftari la Mwanafunzi Aliyefikiri

Mtaala mpya wa Kenya, ulioanza kutumika nchini kote katika madarasa ya chini mwaka 2019, umehesabu kufikiri kwa kina kuwa ni katika mambo ya msingi ambayo kila mtoto yampasa kuyapata skuli. Jambo hilo ni jema. Walakini wengi wetu walimu, wa skuli na wa madrasa, twajua kuuliza maswali ya namna hiyo kuliko tujuavyo kuyasahihisha majibu yake. Hesabu ina jibu lake, na alama ya pata au ya kosa yatosha. Lakini swali la kumtaka mwanafunzi apime sababu na atoe rai yake halisahihishwi hivyo.

Natutwae mfano ulio karibu nasi. Mwalimu wa Mombasa awauliza wanafunzi wake: Kwa nini Wareno waliipoteza Ngome mwaka 1698? Mmoja aandika: "Kwa sababu Waomani walikuwa mashujaa zaidi." Yuko mwalimu atakayetia alama ya kosa, kisha aandike pembeni jibu lake mwenyewe. Yuko na mwingine ambaye moyo wake wapendezwa na maneno haya, naye ataandika "Vizuri sana." Sisi twaona kwamba wote wawili hawakumjibu mtoto. Wa kwanza amemfundisha kuwa kufikiri ni kubahatisha yaliyomo kichwani mwa mwalimu. Wa pili amemfundisha kuwa hoja dhaifu yafaa, madhali mwisho wake wampendeza msomaji. Huyu wa pili ndiye tumkhofiaye zaidi, kwani madhara yake hayaonekani: mtoto hurudi nyumbani na furaha.

Lililo bora ni mwalimu kujibu kwa swali. Aandike: "Ngome ilizingirwa tangu Machi 1696, ikaanguka Desemba 1698. Ikiwa sababu ni ushujaa, mbona ilichukua karibu miaka mitatu?" Na chini yake: "Wareno waliirudia Ngome mwaka 1728, wakatolewa tena 1729. Je, ushujaa ulihama?" Hapo mtoto hana budi kurudi kitabuni. Huko atakutana na njaa na maradhi yaliyowafyeka waliokuwamo ndani, na umbali wa Goa ulikotoka msaada. Atakuta hata kwamba walioilinda Ngome hawakuwa Wareno peke yao, bali walikuwamo Waswahili pamoja nao. Huenda mwisho akabaki na rai yake ile ile. Hapana neno, kwani sasa aijua uzito wake.

Hatusemi kwamba kila rai ni sawa. Aliyekosea mwaka aambiwe wazi kuwa amekosea, kwani tarehe si rai. Wala mwalimu asilijaze daftari wino mwekundu kwa hati, herufi na hoja kwa mara moja. Mtoto hatajua aanze wapi. Achague udhaifu mmoja, ule ambao ukitengenezwa hoja yote itasimama.

Na alama je? Mwaka 1988 mtaalamu Ruth Butler alitoa matokeo ya uchunguzi wake juu ya watoto wa skuli: waliopewa maelezo bila ya alama waliendelea vyema katika kazi zilizofuata, na waliopewa alama pamoja na maelezo hawakuendelea kama wao. Nasi hatustaajabu. Jicho la mtoto huangukia tarakimu kwanza, na akisha kuiona ya mwenzake, maelezo hayasomwi tena.

Tutaambiwa kwamba darasa lina watoto sitini na mwalimu ni mmoja. Ni kweli. Basi juma hili asome ishirini, na waliobaki wasomeane wawili wawili, kila mmoja amwandikie mwenziwe swali moja.

Kuna walimu wanaoona kuwa mwanafunzi akikhitalifu na mwalimu wake amekosa adabu. Tungependa wakumbuke kwamba Abu Yusuf na Muhammad bin al-Hasan walikhitalifiana na mwalimu wao Abu Hanifa katika masuala mengi, na kauli zao zimo vitabuni kando ya kauli yake. Imamu Shafi, ambaye pwani yetu yafuata madhihabi yake, alisoma kwa Imamu Malik, kisha akakhitalifiana naye. Adabu imo katika namna ya kusema. Hiyo nayo hufunzwa, na mahali pa kuifunza ni pale mtoto anapotupinga.

Kila jibu la namna hii liachiwe ukurasa mtupu mbele yake, mtoto auandikie upya baada ya kuulizwa. Alama itiwe katika ukurasa huo wa pili. Hapana shaka atakuja mzazi, daftari mkononi, auliza kwa nini mwanawe hakupewa alama. Naakaribishwe, apewe kiti, na azisome kurasa zote mbili.