Kunywesha Kitambaa Rangi

Helen Frankenthaler alikuwa na miaka 23 tu tarehe 26 Oktoba 1952, alipotandika kanvasi sakafuni mwa studio yake New York na kuimwagia rangi ya mafuta iliyozimuliwa kwa tapentaini. Kanvasi haikuwa imepakwa chochote cha kuziba nyuzi, kwa hiyo rangi ilizama. Mchoro huo, Mountains and Sea, una upana wa karibu mita 3, na kwangu mimi hakuna njia bora ya kuuelewa kuliko kuifanya mbinu yake kwa mikono yako.

Rangi ya mafuta achana nayo. Huila pamba taratibu na kuacha duara la mafuta kuzunguka doa. Frankenthaler mwenyewe baadaye alihamia rangi za akriliki. Nunua akriliki na kitambaa cha pamba cha marekani. Kifue kwanza kwa maji ya moto, maana wanga wa kiwandani hufanya rangi itiririke kama maji juu ya jani la mgomba. Kitandike juu ya nailoni na ukinyooshe vizuri, kwani rangi hukimbilia penye bonde.

Chora mistari michache kwa mkaa. Yeye alianza hivyo, kisha rangi ikaivuka mistari bila kuifuata. Usichore maumbo ya kujaza.

Kazi kubwa iko kwenye kopo la rangi. Ongeza maji kidogo kidogo, ukijaribu kwenye kipande cha pembeni. Rangi ikituama ulipoiweka, bado ni nzito. Ikitawanyika hadi ukingo ukapotea, maji yamezidi, na ikikauka haitashika vizuri. Geuza kipande utazame mgongo wake: ukiona rangi imetokea huko, na ukingo ni laini lakini bado unaonekana, umepata.

Mimina, kisha toa mkono. Wengi huharibu hapa kwa kusugua na brashi. Ukitaka rangi mbili ziingiane, mimina ya pili kabla ya ya kwanza kukauka. La sivyo, subiri. Sponji hufyonza ziada tu, haifuti kilichozama.

Na acha kitambaa kipumue. Katika Mountains and Sea sehemu kubwa haikuguswa, na weupe huo ndio unaobeba waridi, bluu na kijani. Alipouchora, Frankenthaler alikuwa ametoka ziarani Nova Scotia, Kanada, ambako alichora mandhari kwa rangi za maji. Uwazi ule wa rangi za maji alirudi nao.

Kikikauka, kitundike ukitazame kwa mbali. Upande usiofanya kazi ukate kwa mkasi kabla ya kukiwamba kwenye fremu.