Kuzidisha kwa Kete na Punje



Mtoto aweza kuimba jedwali lote la kuzidisha pasipo kukosa, wala asijue maana yake. Mwulize vikapu vitatu vyenye mayai manne manne vina mayai mangapi, naye atajumlisha tatu na nne. Huyo si mvivu. Alipewa maneno kabla ya kupewa vitu. Tusimchape kwa kusahau jambo ambalo hakupata kuliona.

Basi tuanze na punje za mahindi. Kila mtoto apange safu tatu, kila safu punje nne, akasema mwenyewe, "Nne mara tatu ni kumi na mbili." Kisha, punje zisiguswe, azunguke akae upande wa pili wa pembe: sasa aona safu nne za punje tatu tatu, na jumla ni ile ile. Jambo hili si dogo. Hesabu za jedwali tangu 1 hata 10 ni 100. Ajuaye kugeuza hivi amebakiwa na 55, na ukiondoa za 1 na za 10, zilizo nyepesi, zimebaki 36 tu za kukariri.

Bao nalo lafaa sana, ingawa wako watakaonung'unika kuliona darasani. Lina safu nne za mashimo manane, yaani 32. Wanaojifunza mchezo huweka kete mbili kila shimo, nazo ni 64.

Hesabu inayowashinda wengi ni 8 mara 7. Panga safu saba za kete nane nane, ukalaze kijiti chini ya safu ya tano. Juu yake mna 40, chini mna 16, jumla 56. Aliyeona hivyo, hata akisahau, anayo njia ya kurudia.

Lakini wako watakaoendelea kuhesabu moja moja mwaka mzima. Hao wafunikie kete kwa kitambaa, ukiacha wazi safu ya kwanza na ukingo mmoja tu, wakamilishe kwa akili.

Wakati wa mavuno mpe mtoto hindi zima. Ahesabu safu zake, ambazo karibu siku zote ni shufwa, na punje za safu moja. Azidishe, kisha apukuchue na kuhesabu. Jumla zisipolingana, mwache atazame ncha ya gunzi atafute sababu.